Msichana Katika Suruali: Mkasa wa Filamu ya Sylvia Scarlett

Mwanamke kuvaa nguo za kiume ni hila ya kale katika michezo ya kuigiza. Msomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, amekwisha kumwona Portia akiingia mahakamani amevaa joho la mwanasheria, akamwokoa rafiki wa mumewe, na mume asimtambue mke aliye mbele ya macho yake. Hila hii ina masharti yake. Mtazamaji hupewa siri mapema. Wasiojua ni wale waliomo mchezoni. Na kicheko huzaliwa baina ya kujua kwa huyu na kutojua kwa wale. Mchezo ukikaribia kwisha, nguo za kike hurudi mahali pake, wapenzi hupatana, na kila mtu hurejea nyumbani na moyo mkunjufu. Katika zama za Shakespeare wanawake hawakuigiza katika majukwaa ya Uingereza, kwa hiyo Portia alikuwa kijana wa kiume aliyejifanya mwanamke aliyejifanya mwanamume, na watu walilipa fedha zao kuyatazama hayo.

Hollywood, basi, haikubuni jambo jipya mwaka 1935 kampuni ya RKO ilipotengeneza filamu ya mapenzi na vichekesho iliyoitwa Sylvia Scarlett. Kisa kilitolewa katika riwaya ya Compton Mackenzie ya mwaka 1918. Mwongozaji alikuwa George Cukor, mtu mwenye jina. Mchezaji mkuu alikuwa Katharine Hepburn, ambaye alikuwa amekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa filamu ya Morning Glory ya 1933, na mwaka ule ule wa 1935 alikuwa amesifiwa sana katika Alice Adams. Mwenye kuisimamia kazi kwa niaba ya kampuni alikuwa Pandro S. Berman. Hapakukosekana fedha, wala ustadi, wala sifa. Kilichokosekana kilijulikana usiku wa maonyesho ya majaribio, filamu ilipowekwa mbele ya watu wa kawaida kabla ya kutangazwa.

Watu hawakucheka palipotakiwa wacheke. Kisha wakaanza kuinuka na kutoka, mmoja mmoja, baadaye kwa makundi. Hepburn alisimulia baadaye kwamba alikwenda chumba cha wanawake akamkuta mama mmoja amejilaza, akamwuliza kama filamu ndiyo iliyomwangusha. Mama yule hakujibu neno, akageuza macho yake juu. Usiku huo huo Hepburn na Cukor walimwendea Berman wakamwomba awasamehe: wangemtengenezea filamu nyingine bila ujira, mradi hii isahauliwe. Berman akawajibu kwamba hataki kufanya kazi tena na yeyote kati yao. Jibu hili lafaa kukumbukwa.

Filamu ilitolewa kwa watu wote mwezi Januari 1936. Wahakiki hawakuwa na huruma kuliko wale watazamaji wa usiku. Gazeti la Time lilisema kwa kejeli kwamba filamu imefichua jambo moja la ajabu, nalo ni kwamba Hepburn ni mzuri wa sura akiwa mvulana kuliko akiwa mwanamke. Hesabu za kampuni zilipofungwa, hasara ilikuwa dola 363,000 hivi, fedha nyingi katika miaka ile ya dhiki ya uchumi.

Yafaa kisa chenyewe kielezwe, maana ubaya na uzuri wa filamu vimefungamana ndani yake. Henry Scarlett, Mwingereza aishiye Ufaransa, amefiwa na mkewe, naye ameiba fedha za mwajiri wake. Yambidi akimbilie Uingereza. Binti yake Sylvia, asiwe mzigo kwa baba wala alama kwa askari wamtafutao, akata nywele zake, avaa suruali, na tangu hapo ni Sylvester. Katika meli wakutana na ayari mmoja wa London, Jimmy Monkley. Mzee Scarlett, mtu dhaifu na mwenye maneno mengi, ajisifu kwake kwamba amezungusha mwilini lesi za magendo. Wafikapo forodhani Monkley amchongea mzee kwa maofisa, ili wote wamwangukie huyo, na magendo yake mwenyewe yapite salama. Baadaye awalipa hasara yao, nao waungana naye katika ulaghai. Ulaghai hauendi vizuri. Pamoja na mtumishi mmoja wa kike, Maudie, wageuka kikundi cha waimbaji na wachekeshaji wa kutembea kando ya pwani, na huko Sylvester amwona mchoraji Michael Fane, ampenda, na aona kwa mara ya kwanza uzito wa suruali aliyoivaa.

Hapa ndipo mgogoro ulipo. Wanawake waliovaa nguo za kiume walikuwa wamekwisha kuonekana katika sinema bila kumkera mtu. Marlene Dietrich alivaa suti na kofia ndefu katika Morocco ya mwaka 1930, akashangiliwa. Greta Garbo alivaa suruali za kifalme katika Queen Christina ya 1933, na mapenzi ya watu kwake hayakupungua. Lakini vazi la Dietrich halikumficha Dietrich hata kidogo. Lilikuwa pambo jingine juu ya mwanamke ambaye kila mtu alimjua kuwa mwanamke. Na Garbo, ingawa ndani ya kisa alidhaniwa kijana, mtazamaji hakusahau hata dakika moja kwamba anamtazama Garbo. Hepburn alifanya jambo tofauti. Hakuivaa suruali ili achekwe, wala ili atamaniwe. Alitembea kama kijana wa miaka kumi na sita, alirukia madirisha, alikaa miguu imepanuka, alitaka kupigana ngumi. Hila ya Shakespeare yataka mtazamaji aone watu wawili kwa pamoja, binti na kijana. Hapa mtazamaji alimwona kijana peke yake, na palipotokea mapenzi karibu na kijana yule, mtazamaji hakujua ashike wapi. Maudie amtania Sylvester na kumbusu. Fane amtazama na kukiri kwamba haelewi jambo gani ndani ya kijana huyu limsumbualo moyoni. Mambo haya yangechekesha kama siri ingekuwa imeshikwa vyema na mtazamaji. Katika filamu hii mtazamaji amekwisha kuipoteza.

Tena wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Tangu katikati ya mwaka 1934 kampuni za Hollywood zilifungwa na Kanuni za Maadili zilizotekelezwa kwa nguvu, na kila jambo lililohusu mapenzi lilipimwa kabla ya kuruhusiwa. Filamu ililazimika kujieleza. Ndiyo sababu imeanza kwa kifo na machozi, ili mtazamaji ajue kwamba msichana huyu amevaa suruali kwa ajili ya baba yake, si kwa kupenda. Cukor alikiri miaka mingi baadaye kwamba utangulizi ule uliongezwa tu ili kueleza kwa nini binti amevaa kiume, tena kwa nini aiweza kazi hiyo vizuri mno, na kwamba kwa kufanya hivyo walikinyima kisa nafasi yake. Maneno haya ni ya haki. Mtu aombaye radhi kabla ya kusema neno lake huwafanya wasikilizaji watafute kosa.

Hata hivyo si kweli kwamba wahakiki walikosea kila jambo, na wapenzi wa filamu hii, ambao leo ni wengi katika vyuo na vilabu vya sinema, husahau kulikubali hilo. Filamu ni mbovu katika viungo vyake. Inaanza kama kilio, inageuka kisa cha wezi, inakuwa tamasha la pwani, kisha ghafula mzee Scarlett anapata wazimu kwa wivu wa Maudie, anatoka usiku katika dhoruba na kufa chini ya jabali. Baada ya maiti hiyo watazamaji watakiwa warudi kucheka. Ni kama kanga tatu zilizoshonwa pamoja, kila moja na jina lake, na mshonaji hakujali kwamba maneno hayapatani. Hepburn mwenyewe aliandika katika siku za kazi kwamba haoni maana katika filamu wanayoitengeneza, akashangaa kama Cukor anajua hivyo. Mchezaji akiwa na shaka hiyo moyoni, kamera haikosi kuiona.

Lakini katikati ya ubovu huo yako mambo mawili ambayo hakuna filamu bora ya mwaka ule iliyonayo. La kwanza ni Sylvia arudipo kuwa mwanamke. Ameiba gauni la msichana aliyekwenda kuoga baharini, amelivaa pamoja na kofia, amekwenda kwa Fane. Katika michezo ya kale hapo ndipo furaha ilipotimia. Fane aangua kicheko. Sylvia hajui aweke wapi mikono yake, hajui akae vipi, hajui msichana husema nini. Aliyekuwa mwepesi katika suruali amekuwa mzito katika gauni. Wengi walisema kwamba hapa Hepburn amechezesha uso na mikono kupita kiasi. Yamkini amepita, lakini jambo analolionyesha ni la kweli na lauma, kwamba uanamke wenyewe ni vazi ambalo halivaliki bila kujifunza, na kwamba binti aliyefunzwa ukimbizi na baba yake hakupata mtu wa kumfunza jingine. Mchekeshaji wa kawaida angelipita tukio hilo kwa mzaha mmoja. Cukor aliliacha lidumu mpaka kicheko kikawa kigumu kooni.

La pili ni Cary Grant.

Mwaka 1935 Grant alikuwa na umri wa miaka 31, naye aliazimwa kutoka kampuni ya Paramount. Huko alikuwa amefanywa sanamu ya nguo nzuri: kijana mrefu mwenye nywele zing'aazo, wa kusimama karibu na mwanamke maarufu, kama alivyosimama karibu na Mae West katika She Done Him Wrong mwaka 1933. Hakuna aliyemchukia, na hakuna aliyemkumbuka baada ya taa kuwashwa. Ndani ya mtu huyo nadhifu alikuwamo mwingine. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Archibald Leach, mtoto wa mpiga pasi katika kiwanda cha nguo mjini Bristol. Alikuwa kijana mdogo alipojiunga na kundi la Bob Pender la wanasarakasi na wachekeshaji, akafunzwa kuanguka bila kuumia na kutembea juu ya miti mirefu, na kundi hilo ndilo lililomvusha bahari mwaka 1920 mpaka Marekani. Paramount ilimpa jina jipya na ikamwomba, kwa adabu, amsahau Leach.

Cukor alimwomba amkumbuke. Monkley ni mtu wa mitaa: mwongo, mcheshi, mwenye huruma ya ghafula na usaliti wa ghafula, asemaye Kiingereza cha watu maskini wa London. Grant aliupata mwendo wa mtu huyo kwa miguu kabla ya kuupata kwa maneno. Tazama anavyokaa, anavyoegemea mlango, anavyomtazama mzee Scarlett kama mchuuzi amtazamaye mnunuzi mjinga. Kila kitu kimetoka katika maisha aliyoyaishi. Cukor alisema baadaye kwamba hapo ndipo Grant alipohisi kwa mara ya kwanza ardhi imara chini ya nyayo zake. Hata wahakiki walioichana filamu walimtenga. Gazeti la Variety liliandika kwamba amekaribia kuiiba filamu nzima. Ajabu ni kwamba mafunzo haya aliyapata katika filamu ambayo watu hawakuitazama. Mkataba wake na Paramount ulipokwisha mwishoni mwa 1936, hakufunga mwingine kama ule. Akaenda kama mtu huru, na The Awful Truth ya 1937 ilipotoka, ulimwengu ukadhani kwamba mchekeshaji mpya amezaliwa. Alikuwa amezaliwa mwaka mmoja na kitu kabla, mbele ya viti vitupu.

Wachezaji wengine hawahitaji maelezo marefu. Edmund Gwenn, aliyekuwa mzee Scarlett, alifanya awezalo katika sehemu isiyojua kama ni ya kuchekwa au kuliliwa. Miaka kumi na moja baadaye alikuwa babu wa Krismasi katika Miracle on 34th Street ya 1947 na akapata Oscar. Brian Aherne, mchoraji Fane, ni mtu wa kupendeza asiye na hatari, na hilo ni pengo, kwa kuwa Sylvia ahitaji sababu ya kumwacha Monkley. Wa kustaajabisha ni Natalie Paley, aliyecheza Lily, mwanamke wa Kirusi ampendaye Fane. Hakuwa mchezaji hodari. Lakini alikuwa binti wa kweli wa Grand Duke Paul, wa ukoo wa Tsar wa Urusi, aliyeuawa mwaka 1919. Na kaka yake Vladimir, kijana mshairi, aliuawa mwaka 1918. Binti huyo alikimbilia Ufaransa, akawa mwanamitindo na mke wa mshonaji maarufu wa Paris, Lucien Lelong. Katika filamu iliyojaa watu wanaojifanya wasivyo, mwanamke mmoja alikuwa mkimbizi kwelikweli, naye aliwekwa pembeni acheze wivu.

Filamu yaisha kwa mabadilishano: Monkley na Lily waondoka pamoja, Sylvia na Fane wawafuata, kisha katika gari moshi watambua kwamba hawana haja ya kuwapata. Monkley acheka peke yake.

Hasara ilikuwa ya kampuni, lakini si wote walioilipa sawasawa. Cukor alirudi MGM akatengeneza Romeo and Juliet na Camille katika mwaka ule ule wa 1936. Grant alipanda. Aliyebaki na deni ni Hepburn. Katika vazi la kiume alikuwa amethibitisha neno ambalo maadui wake walikuwa wakilinong'ona, kwamba ana kiburi, kwamba si mwanamke kama wengine. Na kwa kuwa hata nje ya kazi alipenda suruali kuliko gauni, watu hawakujua tena Sylvester ameishia wapi. Zilifuata filamu za mavazi ya zamani ambazo hazikupendwa, A Woman Rebels ya 1936 na Quality Street ya 1937. Akarudi kwenye vichekesho pamoja na Grant katika Bringing Up Baby ya 1938, chini ya Howard Hawks, filamu ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa bora za aina yake. Nayo pia ilitia hasara. Mwezi Mei mwaka huo chama cha wenye majumba ya sinema ya kujitegemea kilitoa tangazo katika gazeti la Hollywood, kikitaja wachezaji walioitwa sumu kwa mapato ya mlangoni. Garbo alikuwamo, Dietrich alikuwamo, na Hepburn alikuwamo. Wanawake watatu waliovaa suruali katika sinema walijikuta katika orodha moja. Si haki kusema kwamba suruali ndiyo iliyowaweka humo, maana Fred Astaire naye alitajwa. Lakini msomaji aweza kuiona orodha hiyo na kufikiri.

Hepburn alijinunua kutoka katika mkataba wa RKO, akacheza Holiday kwa Cukor na Grant mwaka huo huo kwa kampuni nyingine, kisha akaondoka Hollywood. Mwaka 1939 alirudi jukwaani New York katika mchezo wa Philip Barry, The Philadelphia Story, na safari hii alikuwa na hekima ya mtu aliyekwisha kuumwa: haki za filamu zilikuwa mkononi mwake. MGM ilipozitaka, ilimbidi imchukue na yeye. Alimtaka Cukor, akampata. Grant alikuwamo. Filamu ya 1940 ilifanikiwa kupita kiasi. Ni wale wale watatu wa Sylvia Scarlett, na kichekesho ni cha mapenzi vilevile. Tofauti ni kwamba mwanamke mwenye kiburi sasa anaanza kwa kusukumwa akaanguka, na watazamaji, ambao walikataa kumfuata akiwa kijana huru, walimpokea alipokuwa amenyenyekezwa. Hilo lasemwa bila kuidharau filamu, ambayo ni kazi nzuri kweli.

Katika nchi hizi za Afrika Mashariki na Kongo jina lake limefungamana na filamu nyingine, The African Queen ya 1951, ambayo kisa chake kimewekwa katika koloni la Wajerumani mwaka 1914 na ambayo ilipigwa picha Kongo na Uganda. Huko alivaa gauni refu la mmisionari na akaugua tumbo kwa maji mabaya. Lakini kabla na baada ya safari hiyo alikuwa na shughuli moja ambayo wapenzi wa sinema hawaitaji mara nyingi. Mwaka 1950 alicheza Rosalind wa As You Like It huko New York. Mwaka 1955 alizunguka Australia na kundi la Old Vic akiwa Portia, na mwaka 1957 akawa Portia tena Stratford ya Connecticut. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 53, alicheza Viola wa Twelfth Night mahali hapo hapo. Wote watatu ni wanawake wavaao nguo za kiume. Hakuna aliyemlazimisha, alikuwa na jina la kuchagua apendacho.

Na yule Berman, aliyeapa usiku ule kwamba hataki kuwaona tena? Katika mwaka wa 1936, kabla vumbi la Sylvia Scarlett halijatua, alisimamia Mary of Scotland, na malkia alikuwa Hepburn. Alimtumia tena katika Stage Door mwaka 1937, na baada ya wote wawili kuhamia MGM, katika Dragon Seed ya 1944, Undercurrent ya 1946 na The Sea of Grass ya 1947. Cukor alisubiri muda mrefu zaidi. Mwaka 1956 aliongoza Bhowani Junction, na mwaka 1969 Justine, na jina la mwenye kuzisimamia filamu hizo mbili lilikuwa Pandro S. Berman.